Ukuta wa Morocco: kwa nini Hispania ilipiga pasi elfu moja na isipate bao

Tarehe 6 Desemba 2022, kwenye uwanja wa Education City nchini Qatar, Hispania ilipiga pasi zaidi ya 1,000 dhidi ya Morocco katika mechi ya 16 bora ya Kombe la Dunia. Dakika 120 zikaisha 0-0. Zikaja penalti, Hispania ikapiga tatu, ikakosa zote, ikafungasha virago. Siku 13 kabla ya hapo, Hispania hiyohiyo, ikiwa na viungo walewale watatu, Busquets, Pedri na Gavi, ilikuwa imeichapa Costa Rica 7-0.

Maelezo yaliyozagaa baada ya mechi yalikuwa mepesi mno: Morocco ilipaki basi, ikabahatika, kipa Yassine Bounou akamaliza kazi kwenye mikwaju. Sikubaliani nayo. Costa Rica nao walijazana nyuma, wakafungwa saba. Timu inayokaa nyuma kusubiri bahati haiwezi kukutana na Croatia, Ubelgiji, Canada, Hispania na Ureno, mechi tano za Kombe la Dunia, bila mchezaji hata mmoja wa timu pinzani kutikisa nyavu zake. Bao pekee iliyoruhusu katika mechi hizo ilijifunga yenyewe, pale beki Nayef Aguerd alipougeuzia mpira wa Canada langoni kwake dakika ya 40. Ile ilikuwa kazi iliyopangwa, na ndiyo iliyoifikisha timu ya Afrika nusu fainali kwa mara ya kwanza. Cameroon mwaka 1990, Senegal 2002 na Ghana 2010 zote zilikomea robo fainali.

Kocha Walid Regragui alikabidhiwa timu mwishoni mwa Agosti 2022, ikiwa imebaki chini ya miezi mitatu kabla ya mechi ya kwanza, baada ya shirikisho kuachana na Vahid Halilhodžić. Mei mwaka huohuo alikuwa ameipa klabu ya Wydad ubingwa wa Ligi ya Mabingwa Afrika kwa kuifunga Al Ahly 2-0 mjini Casablanca. Aliwarudisha kundini Hakim Ziyech na Noussair Mazraoui, ambao hawakuelewana na kocha aliyetangulia. Kisha akashughulikia ulinzi, na matunda yalionekana haraka. Katika mechi za kirafiki iliifunga Chile 2-0, ikatoka 0-0 na Paraguay, ikaifunga Georgia 3-0. Ilipofika Qatar ikatoka 0-0 na Croatia, kisha ikaifunga Ubelgiji 2-0.

Namba na umbali

Kwenye orodha ya kikosi Morocco iliandikwa 4-3-3, yaani mabeki wanne, viungo watatu na washambuliaji watatu. Ikipoteza mpira, ilijipanga upya. Mawinga wawili, Ziyech kulia na Sofiane Boufal kushoto, walishuka na kusimama mstari mmoja na viungo Azzedine Ounahi na Selim Amallah. Nyuma ya hao wanne alibaki mtu mmoja, Sofyan Amrabat. Nyuma yake walikuwepo mabeki wanne: Achraf Hakimi kulia, Aguerd na nahodha Romain Saïss katikati, Mazraoui kushoto. Mbele kabisa alisimama Youssef En-Nesyri peke yake. Hiyo ndiyo 4-1-4-1.

Lakini namba hizo hazikuambii chochote kama hujui umbali kati ya mistari. Timu mbili zinaweza kucheza 4-1-4-1, moja ikafungwa tano na nyingine isiguswe, kwa sababu moja imeacha mita 20 kati ya viungo na mabeki, na nyingine imeacha nane. Uwanja wa kawaida una urefu wa mita 105 na upana wa mita 68. Morocco haikujaribu kuuziba wote. Katika vipindi vingi vya mechi ile, kuanzia En-Nesyri hadi mabeki wa kati palikuwa na kama theluthi ya urefu wa uwanja tu, na ndani ya kipande hicho wachezaji kumi walibanana kuelekea upande ulipo mpira. Mabeki hawakujichimbia ndani ya eneo la hatari. Walisimama mbele yake, na walirudi pale tu mpira ulipowalazimisha kurudi.

Ukibanana hivyo, kuna sehemu unaziacha wazi, na hapo ndipo mipango inapojulikana. Morocco iliiachia Hispania sehemu mbili kwa makusudi: eneo la mabeki wa kati wa Hispania, Rodri na Laporte, na pembeni upande wa mbali na mpira. Haikuachia eneo la tatu, lile la katikati kati ya mstari wa viungo na mstari wa mabeki, ambako Pedri na Gavi huishi. Sehemu kubwa ya zile pasi elfu moja ilipigwa huko nyuma, Laporte kwa Rodri, Rodri kwa Laporte, mahali ambapo mpira haumuumizi mtu.

En-Nesyri na Busquets

Itazame tena mechi ile, uchague dakika yoyote ya kipindi cha kwanza, na usiufuate mpira. Mwangalie En-Nesyri. Laporte ana mpira, hakuna anayemsumbua. Mshambuliaji mwingine angemkimbilia, jukwaa lingempigia makofi kwa kujituma, na nyuma ya mgongo wake Busquets angebaki huru. En-Nesyri hamkimbilii. Anasimama mita chache mbele ya Busquets, amemfunika, macho yake yako kwa Laporte. Kila mara anageuza shingo kuhakikisha mtu wake hajahama. Laporte akimpa Rodri, En-Nesyri anasogea hatua chache kufuata mpira, na Busquets bado hana njia ya kupewa pasi.

Namba 9, yaani mshambuliaji wa kati, anayefanya hivyo hapati sifa, kwa sababu haonekani akigusa mpira wala akipokonya. Ila Hispania ya kocha Luis Enrique ilijengwa kumzunguka Busquets. Yeye ndiye aliyeamua mpira uende kulia au kushoto, na ndiye aliyekuwa na pasi ile ya kupenya katikati ya watu. Akizibwa, ana chaguo moja: arudi nyuma zaidi, asimame kati ya mabeki wake wa kati ili apate mpira. Aliporudi, alipata mpira kweli. Lakini sasa alikuwa mbali na lango, na mbele yake karibu timu nzima ya Morocco ilikuwa imekaa sawasawa.

Kazi ya Amrabat

Sasa tuje kwa mtu mmoja aliyeachiwa eneo la kati. Kihesabu haiwezekani. Pedri yupo upande mmoja, Gavi upande mwingine, mara Asensio anashuka kutoka mbele, na anayewalinda ni Amrabat peke yake. Kiungo mkabaji mmoja hawezi kuwakaba watu watatu, hata akiwa na mapafu mawili ya ziada.

Jibu lilikuwa kwa wale wanne walio mbele yake. Ounahi na Amallah hawakusimama mbali, walikaa karibu kiasi kwamba pasi ya chini kati yao ilikuwa na mlango mwembamba, na mlango wenyewe ulikuwa mmoja au miwili tu. Amrabat alihitaji kukaba mlango, hakuhitaji kuwakaba watu watatu. Pedri aliposhuka kuufuata mpira mbele ya mstari, Ounahi alitoka hatua kadhaa kumkaribia, akamwacha alipozidi kurudi nyuma, akarejea nafasi yake. Pedri alipobaki juu, mgongoni mwa Ounahi, Amrabat alisogea upande ule kabla pasi haijapigwa. Na pasi ilipofanikiwa kupita, Aguerd au Saïss alitoka kwenye mstari wa mabeki kumwahi mpokeaji asigeuke, huku Amrabat akishuka kuziba pengo alilolipa mgongo beki huyo. Hakuna aliyetoka bila mwenzake kujua nani anabaki.

Ndiyo maana naona si haki kumsifia Amrabat kwa ubishi na kukimbia pekee, ingawa alikimbia sana, na alicheza mechi ile ya Hispania akiwa na maumivu yaliyohitaji sindano. Thamani yake kubwa ilikuwa kusoma. Mipira mingi aliyoinasa ilimfikia kwa sababu alishasimama palepale.

Mtego wa pembeni

Hispania ilipochoka kutafuta njia ya katikati, ilikwenda pembeni kwa mabeki wake, Jordi Alba kushoto au Marcos Llorente kulia. Hapo ndipo Morocco ilipobadilika ghafla kutoka utulivu hadi ukali. Mchezaji aliyeko kwenye mstari wa pembeni ana nusu ya njia, maana upande mmoja ni nje ya uwanja. Pasi ilipokuwa njiani kwenda kwa Alba, Ziyech alimkimbilia, Ounahi akafunga pasi ya kurudi ndani, Hakimi akamkaba winga Dani Olmo kwa karibu, na Amrabat akasogea nyuma yao kama akiba. Alba alibaki na pasi moja salama, ya kurudisha mpira alikotoka.

Na pasi hiyo ya kurudi nyuma ilikuwa ishara nyingine. Mpira ulipokuwa ukirudi kwa Rodri au Laporte, mabeki wa Morocco walipanda mita kadhaa, wote kwa pamoja, na viungo nao wakapanda mbele yao. Kwa hiyo kila Hispania ilipoanza upya, ilianza mbali kidogo kuliko mwanzo. Hapa ndipo pengo lilipo kati ya timu inayozuia na timu inayosukumwa tu: inayosukumwa hairudi juu tena.

Ule upande wa mbali ulioachwa wazi ulilindwa na muda. Mpira mrefu wa kuvuka uwanja kutoka Alba hadi Llorente unakaa hewani kiasi cha kutosha, na wachezaji kumi wanaosogea kwa pamoja, wakianza mguu wa mpigaji unapoinuka, wanawahi. Boufal, ambaye sekunde mbili kabla alikuwa amesimama karibu na katikati ya uwanja, anafika kwa Llorente mpira unapotua. Llorente hana haraka ya kumpita mtu, anausimamisha, na nafasi imekwisha. Hatari ilianza kuonekana Nico Williams alipoingia kipindi cha pili, kwa sababu yeye anapopokea mpira pembeni anamfuata beki moja kwa moja. Hispania ilipaswa kuwa na mtu wa namna hiyo tangu mwanzo.

Niseme jambo kuhusu Ziyech. Ni mchezaji ambaye kwa miaka mingi makocha wamemwachia uhuru wa kutokaba kwa sababu ya mguu wake wa kushoto. Qatar alishuka na beki wa pembeni wa timu pinzani mechi baada ya mechi. Regragui alipata kwake kitu ambacho wengi hawakukipata, na mfumo wote wa kulia ulisimama juu ya utiifu huo. Ziyech asiposhuka, Hakimi anabaki na watu wawili, na Hakimi akiwa na watu wawili huwezi kumpata tena akipanda kushambulia.

Ukishaupata mpira

Ulinzi haukomei kwenye kupokonya, na hili ndilo lililowaponza wengi walioiga Morocco baadaye. Timu inayoubutua mpira kila inapoupata inaukabidhi kwa mpinzani, na mpinzani anarudi tena sekunde kumi baadaye. Fanya hivyo kwa dakika 90 na miguu ya mabeki itakwisha.

Morocco ilikuwa na watu wa kutoka na mpira. Amrabat akizungukwa aligeuka na kutoka. Boufal aliupokea kushoto akiwa na mtu mgongoni, akamchezea, akapata faulo au akampita. Ounahi, mwembamba, mwenye hatua ndefu, aliubeba mpira kutoka kwenye eneo lake hadi nusu ya wapinzani huku viungo wa Hispania wakimfuata kwa nyuma. Baada ya mechi Luis Enrique alikiri kushangazwa na namba 8 wa Morocco, ambaye jina lake hakulikumbuka. Wakati huo Ounahi alikuwa akiichezea Angers, timu iliyokuwa ikiburuza mkia katika ligi ya Ufaransa. Kila safari kama hiyo iliwapa mabeki muda wa kupumua na kupanda, na iliwalazimisha Alba na Llorente wafikirie mara mbili kabla ya kupanda. Katika muda wa nyongeza, nafasi safi ya kufunga aliipata Walid Cheddira wa Morocco, kipa Unai Simón akaokoa kwa mguu. Hispania nayo ilimaliza dakika zile 120 kwa shuti la Pablo Sarabia lililogonga mwamba. Kwenye mikwaju Sarabia akagonga mwamba tena, Bounou akapangua ya Carlos Soler na ya Busquets, na Hakimi akamalizia kwa ile panenka, penalti ya kuudokoa mpira taratibu katikati ya lango.

Ureno: watu walibadilika, mpangilio ukabaki

Kama bado una shaka kwamba ulikuwa mfumo, tazama robo fainali ya tarehe 10 Desemba. Aguerd na Mazraoui walikuwa majeruhi. Wakaanza Jawad El Yamiq na Yahia Attiat-Allah. Nahodha Saïss akaumia kipindi cha pili, akaingia Achraf Dari. Kwa hiyo kuanzia hapo, katika mabeki wanne wa kwanza alibaki Hakimi peke yake, dhidi ya Ureno iliyokuwa imetoka kuifunga Uswisi 6-1. Bao la mechi lilitokana na krosi ya Attiat-Allah, yule wa akiba, dakika ya 42, En-Nesyri akaruka juu ya kipa Diogo Costa na kuuweka kwa kichwa.

Cristiano Ronaldo alipoingizwa mapema kipindi cha pili, Ureno ilianza kumimina krosi, na swali likawa jingine kabisa. Sasa hatari haikuwa tena katikati ya mistari, ilikuwa hewani mbele ya lango. Regragui alimwingiza beki Badr Benoun, wakawa watano nyuma. Hapo, kwa kweli, Morocco ilirudi nyuma na kujichimbia. Ilikuwa sahihi, kwa kuwa ilikuwa inaongoza na mpinzani alikuwa amechagua njia ya juu. Bruno Fernandes alikuwa ameshagonga mtambaa wa panya kabla ya mapumziko, Bounou aliokoa shuti la João Félix, Cheddira akatolewa kwa kadi ya pili ya njano dakika za majeruhi. Morocco ikamaliza ikiwa pungufu, ikashinda 1-0.

Ufaransa ilipouachia mpira

Nusu fainali ya tarehe 14 Desemba ndiyo mechi inayoniuma hadi leo. Regragui alianza na mabeki watatu wa kati. Hofu yake inaeleweka: Kylian Mbappé upande mmoja, Ousmane Dembélé upande wa pili. Lakini ili kumpata beki wa tatu alimwondoa kiungo mmoja, na kwa kufanya hivyo akalegeza palepale palipokuwa pamekazwa kwa mechi tano. Aguerd aliyepangwa kuanza akashindwa wakati wa kupasha misuli, Dari akaingia. Saïss naye alikuwa hajapona.

Dakika ya tano Raphaël Varane alipiga pasi moja ya chini iliyopita katikati na kumfikia Antoine Griezmann. El Yamiq alitoka kumwahi, akateleza, na nyuma yake hakukuwa na mtu wa kuziba. Griezmann akarudisha mpira kwa Mbappé, mashuti yakazuiwa, mpira ukamwangukia Theo Hernandez, bao. Hata kwa Hispania yenye pasi elfu moja, pengo la namna ile halikuonekana. Dakika ya 21 Saïss akatoka, akaingia Amallah, wakarudi kwenye mabeki wanne na viungo watatu. Kuanzia hapo Morocco ilicheza mpira mkubwa. El Yamiq nusura asawazishe kwa tikitaka iliyogonga mwamba kabla ya mapumziko.

Lakini sasa Morocco ndiyo iliyokuwa nyuma kwa bao, na Ufaransa ya kocha Didier Deschamps ikafanya jambo la akili: ikauachia mpira. Morocco ilimiliki zaidi ya nusu ya mchezo, ikapasiana mbele ya mabeki waliokaa chini, wakati Griezmann akishuka kukaba karibu na mabeki wake. Randal Kolo Muani akafunga la pili dakika ya 79, chini ya dakika moja tangu aingie. Mfumo uliojengwa kwa ajili ya wapinzani wanaotaka mpira ulikuwa umekutana na mpinzani asiyeutaka.

Afrika ililiona hilo. Katika AFCON, Kombe la Mataifa ya Afrika, iliyochezwa Ivory Coast, Morocco iliifunga Tanzania 3-0 mjini San-Pédro tarehe 17 Januari 2024 na kuongoza kundi lake. Tarehe 30 mwezi huohuo, mjini hapohapo, ilikutana na Afrika Kusini ya kocha Hugo Broos iliyokaa kwa nidhamu na kuwaacha wacheze. Evidence Makgopa akafunga dakika ya 57. Hakimi akapata penalti zikiwa zimebaki dakika tano, akagonga mtambaa wa panya. Amrabat akaonyeshwa kadi nyekundu, na Teboho Mokoena akamaliza kwa mpira wa adhabu, 2-0.

Wiki chache baadaye, Machi 2024, Brahim Díaz wa Real Madrid alikubali kuichezea Morocco. Kazi aliyopewa ni kupokea mpira kati ya mstari wa viungo na mstari wa mabeki, katika eneo ambalo wapinzani wengi wa Afrika sasa wanalifungia Morocco, na kugeuka nao kabla hajafikiwa.